Washairi wa Simu (4): Butembo Inamhitaji Mwalimu Sikujua Wake

Juma hili nilikuwa nimepanga kuingia kwenye vina: jinsi vijana wa Beni wanavyouanza mstari kwa Kiswahili, wakaukunja kwa Kinande na kuufunga kwa Kifaransa. Mada hiyo itangoja. Kifo cha mwimbaji Idengo kimeleta swali ambalo haliwezi kungoja.

Delphin Katembo Vinywasiki, kwa jina la kwenye vyeti, aliuawa kwa risasi Goma tarehe 13 Februari 2025, majuma mawili hivi baada ya wafungwa wa gereza la Munzenze, yeye akiwa mmojawapo, kutoka wakati waasi wa M23 walipouteka mji. Kesi yake ya 2021 mnaikumbuka. Utawala wa dharura wa kijeshi ulianza Mei, na kabla mwaka haujaisha mahakama ya kijeshi ilimpa miaka 10 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa ni kulitukana jeshi. Mwimbaji mwenzake, Muyisa Nzanzu Makasi, akapewa miwili. Idengo alitoka, akaimba, akakamatwa tena. Ambalo hatujaulizana ni hili: nyimbo zenyewe ziko wapi?

Mtanijibu ziko kwenye simu. Simu ya nani? Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hufika umevuliwa jina lake, umevishwa herufi AUD, tarehe ya siku ulipokufikia wewe, na namba. Nani ameimba, lini, akimjibu nani, hayo hayamo. Ukiwekwa kwenye "status", baada ya saa 24 umekwenda. Simu ikiibwa, kadi ikiharibika au akaunti ikifungwa, na wimbo umefuata. Mtandao umewapa vijana wetu miguu ya kukimbilia, lakini haukuwapa kumbukumbu.

Walionifuata tangu sehemu ya kwanza wanajua nitakokimbilia: Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alikuwa mshairi, mfanyabiashara na mtu wa Wamazrui, watawala wa mji huo. Watu wa Lamu wakichokoza, anawajibu. Seyyid Said, mtawala wa Omani, akiinyemelea Mombasa, anamjibu. Mashairi yake hayakuwa na mchapishaji. Yalisemwa hadharani, yakapanda jahazi, yakafika Lamu kwa mshairi Bwana Zahidi Mngumi, na majibu yakarudi kwa pepo za msimu. Mtu akiniambia kwamba bifu za marapa ni ugonjwa ulioletwa na Wamarekani, humwelekeza kwenye vita vya Shela, karibu na mwaka 1812: hata panga zilipokuwa bado alani, washairi walikuwa wamekwisha kushambuliana.

Je, kwa nini tunamsoma Muyaka leo? Uhodari peke yake hautoshi kuwa jibu. Mahodari waliopotea ni wengi. Tunamsoma kwa sababu, miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alikusanya beti zilizokuwa zimebaki vichwani mwa watu, akaziandika. Akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, alihifadhi pia maelezo: nani alikusudiwa, kisa gani kilizusha maneno. Bila maelezo hayo nusu ya beti zile zingekuwa mafumbo yasiyofumbuka. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890 bila kukiona kitabu. Diwani ya Muyaka ilitolewa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mshairi kuzikwa. Mwalimu huyu hana mnara popote ninapopajua, nami sitachoka kumtaja.

Lamu hiyohiyo, wakati wa chaguzi za 1974 na 1975, washairi wa pande mbili walirushiana tungo zilizosambaa kwa kaseti. Kaseti zilinakiliwa nyumba kwa nyumba bila kuomba ruhusa ya redio ya taifa. Mwaka 1990 Assibi Amidu aliuchambua ushindani huo katika kitabu kiitwacho Kimwondo. Abdilatif Abdalla naye, aliyefungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kijitabu cha kuikosoa serikali ya Kenya, aliandika tungo zake kwenye karatasi za chooni, na Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Karatasi za chooni zimedumu kuliko faili nyingi za simu zetu!

Nafasi inaniishia, turudi kwetu, Beni na Butembo, mashariki ya Kongo. Mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200. Uchaguzi wa Desemba 2018 tulionyimwa, watu wa Beni wakajipangia wao wenyewe kupiga kura. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima kwa siku 20 hivi. Kila msiba umeimbwa. Mwanahistoria wa kesho atapata ripoti za mashirika kwa Kifaransa na Kiingereza. Kilio cha mtaani, kwa lugha ya mtaani, atakikuta wapi?

Vijana, nawaambia kama mzazi: tusi tupu halina maisha. Muyaka aliuma, lakini aliuma kwa ufundi, ndiyo maana meno yake bado yanaonekana. Anayehesabu waliotazama kabla hajahesabu mizani anajidanganya. Wazee wenzangu, nanyi mnaoziita nyimbo hizi za wahuni, mmesikiliza ngapi hadi mwisho?

Kazi yenyewe haihitaji mfadhili. Nunueni daftari. Kwa kila wimbo andikeni maneno yote, jina la mtunzi, tarehe, mahali na kisa kilichouzaa. Mtunzi aliye hai na anayejificha, jina lake lisiandikwe. Wekeni alama ambayo yeye mwenyewe ataitambua. Fanyeni nakala mbili, moja ikae mbali na mji. Wanafunzi wa Université Catholique du Graben wanaotafuta mada za kumalizia masomo, mada ndiyo hii.

Mtasema kuandika ni hatari. Ni kweli, lakini kutoandika hakujamwokoa yeyote. Mahakama haiwezi kuuhukumu wimbo bila kuwa nao: lazima usikilizwe, maneno yake yachambuliwe, yatiwe kwenye faili. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba nakala iliyotunzwa vizuri kuliko zote iko kwa mwendesha mashtaka. Anayesema Idengo alitukana na anayesema alikuwa shujaa, wote wawili watahitaji maneno yenyewe ili wabishane kwa haki. Tusimwachie mshtaki awe ndiye Mwalimu Sikujua wetu.