Kelele Itokayo Ndani ya Redio

Fundi asikiapo mvumo ukifunika sauti dhaifu katika redio, hulaumu waya wa angani au radi. Huenda adui akawa ndani ya sanduku lenyewe.

Chukua redio iliyoundwa kusikiliza kilohezi 2182 tu, masafa ambayo mabaharia huyatumia kuombea msaada. Ndani yake imo osileta, itoayo mtetemo wa umeme wa kilohezi 2637. Mtetemo huo ukichanganywa na mawimbi yaliyopokewa, tofauti yao ni kilohezi 455, nayo ni rahisi kukuzwa na kuchujwa.

Lakini hakuna osileta iliyo safi kabisa. Kando ya mtetemo mkuu, huku na huku, hutoka kelele ndogo. Ikiwa jirani ipo stesheni yenye nguvu nyingi, kelele hiyo huchanganyika na mawimbi yake, ikaangukia mahali pale pale pa sauti ya yule aombaye msaada. Hapo mchujo, hata uwe wa bei gani, hausaidii kitu.

Kwa masafa mamoja yasiyobadilika, fuwele ya kwatsi ndiyo ya kutumainiwa. Walter Cady aliitumia katika osileta mwaka 1921. Ubora wa koili na kapasita hupimwa kwa mia moja au mbili hivi, bali wa fuwele hufika makumi ya maelfu, na kadiri ubora huo uzidivyo ndivyo kelele ipunguavyo.

Shida ni kwamba fuwele ya 2637 haipatikani dukani. Hukatwa kwa kuagizwa, na mnunuzi hungoja majuma. Kwa hiyo wengi huvutwa na osileta zinazopangwa kutoa masafa yoyote. Hizo hushika masafa yake vizuri sana, lakini kushika masafa si kuwa kimya! Mitambo ya ndani inayotengeneza masafa hayo kwa kawaida huongeza kelele. Afadhali kungoja. Njia nyingine ni kuagiza fuwele ya 5274 na kugawanya mtetemo wake kwa mbili, maana kugawanya huko huweza kupunguza kelele kwa desibeli 6, ikiwa kigawanyaji chenyewe ni kimya.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aitishe karatasi ya kiwanda, atazame kelele iliyoandikwa kwa umbali wa kilohezi 10 kutoka mtetemo mkuu: 150 chini ya mtetemo huo ni bora kuliko 120. Kisha aipe osileta umeme uliosafishwa peke yake, usiotumiwa na kikuza sauti.