Tuala: Ua unavyobadilisha chakula na mila za Wamaasai wa Kaputiei

MSAFIRI anayetoka Ongata Rongai kuelekea Tuala hupita katikati ya maisha ya aina mbili. Kandokando ya barabara kuna nyumba za mawe, maduka ya mabati na mabango ya kutangaza ploti. Ng'ambo ya Mto Mbagathi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, pundamilia na twiga hula majani ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Kituo chenyewe cha biashara hakina umri mkubwa. Familia za Wamaasai wa Ilkaputiei zinapoitaja Tuala kuwa ndiyo kwao, hazimaanishi safu ya maduka. Humaanisha uwanda: malisho, mito, njia za ng'ombe na mahali yalipokuwa maboma ya mababu. Bila kuelewa tofauti hiyo, ni vigumu kuelewa kwa nini ua wa seng'enge unaowekwa na jirani mmoja unaweza kubadilisha kinachopikwa katika boma la mwingine.

Uwanda huo, ambao kwa Kiingereza uliitwa Athi-Kapiti kutokana na jina la Kaputiei, una Milima ya Ngong upande wa magharibi na vilima vya Lukenya upande wa mashariki. Mito ya Mbagathi na Kitengela hutiririsha maji yake hadi Mto Athi. Udongo wake ni mweusi, hunata kama ulimbo wakati wa mvua na hupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Katika udongo huo humea eluai, mti mfupi wa miiba wenye vinundu vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi wadogo. Upepo unapopita katika matundu ya vinundu hivyo, mti hutoa sauti kama ya mluzi. Kandokando ya mito kuna olerai, mgunga mrefu wa gome la manjano.

Mvua inaponyesha, nyumbu na pundamilia hutoka mbugani, huvuka Mbagathi na kutawanyika uwandani, ambako nyasi ni fupi na adui huonekana kwa mbali. Huko ndiko nyumbu huzalia. Kiangazi kinapoanza, hurudi mbugani kutafuta maji. Ndiyo maana mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 117, ilizungushiwa ua pande nyingine lakini upande wake wa kusini ukaachwa wazi.

Mfugaji wa Kaputiei hupanga mwaka wake kwa kufuata mwendo huo. Ndama wa nyumbu, katika miezi yao ya kwanza, hueneza virusi visivyowadhuru wao wenyewe lakini vinavyomwua ng'ombe, na maradhi hayo hayana tiba. Wamaasai walitambua jambo hilo muda mrefu kabla ya maabara kulithibitisha. Nyumbu wanapozaa, ng'ombe huondolewa kwenye nyasi fupi na kupelekwa kwingine hadi ndama wakue. Kwa hiyo mfugaji anahitaji malisho mawili, na njia ya kutoka moja kwenda jingine. Ekari nyingi zisizokuwa na njia hazimfai kitu.

Kutoka kwenye nyasi hizo hupatikana maziwa, na juu ya maziwa ndipo utamaduni wa boma ulipojengwa. Wanawake ndio wakamuaji na ndio wenye mamlaka ya kugawa maziwa: yupi apewe, ndama aachiwe kiasi gani, mgeni atengewe yapi. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa mwituni. Kijiti chenye moto husuguliwa ndani ya kibuyu, kisha majivu hupanguswa. Moshi huo huyapa maziwa harufu yake na kuyasaidia yasiharibike. Yakiachwa humo siku kadhaa hugeuka kuwa kule naaoto, yaani maziwa ya mgando, na aliyelelewa kwa maziwa hayo hutambua mara moja yale ambayo hayakupita motoni.

Nyama haikuwa chakula cha kila siku, ingawa wageni wengi wa Nairobi, waliozoea nyama choma ya Jumapili, hudhani hivyo. Ng'ombe ni akiba, mahari na heshima; hachinjwi ovyo. Penye mgonjwa, mzazi au sherehe huchinjwa mbuzi au kondoo, na supu hutiwa gome la olkiloriti, ambalo ni chungu na huaminika kusaidia kuyeyusha mafuta. Ugali na chai ya maziwa, ambavyo leo ni chakula cha kawaida katika kila boma, viliingia kwa njia ya duka.

Kulikuwa pia na olpul. Wanaume, hasa mamorani, waliondoka nyumbani na dume la ng'ombe hadi penye miti na maji, wakakaa siku nyingi wakila nyama na kunywa supu ya mizizi na magome. Desturi ilimkataza morani kula nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa, na pia kunywa maziwa akiwa peke yake. Ilimlazimu awe na mwenzake wa rika. Sheria hizo zilimfundisha kijana kwamba tumbo lake si lake peke yake. Lakini olpul huhitaji kichaka, kijito na mwenye ardhi asiyeuliza ni nani kaingia. Penye ploti za robo ekari, hakuna pa kuifanyia.

Nyasi zenyewe ni ishara. Anayeomba amani au msamaha hushika nyasi mkononi, na aliyeshika nyasi hapigwi. Watoto huinamisha vichwa mbele ya wakubwa ili waguswe utosini, ishara ya heshima na baraka. Salamu ya namna hiyo haihitaji uwanda, na pengine ndiyo sababu imedumu hata katika nyumba za kupanga za Rongai na Kitengela. Sherehe kubwa za rika hazina bahati hiyo, kwa kuwa zinadai boma la pamoja na mahali pa kukusanyika mamia ya watu na mifugo yao. Mwaka 2018, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliorodhesha enkipaata, eunoto na olng'esherr miongoni mwa mila zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Ardhi hiyo ilianza kupungua zamani. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 kati ya serikali ya kikoloni na Wamaasai iliwanyang'anya malisho ya Bonde la Ufa na kisha Laikipia, wakasongamanishwa kusini. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ranchi za pamoja, ambapo ardhi ilisajiliwa kwa jina la kundi zima. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Wengi waliona hilo kuwa kinga dhidi ya wanyakuzi na viongozi wasioaminika, na hawakukosea. Hatimiliki, hata hivyo, ni kitu kinachouzika, na jiji la Nairobi lilikuwa mlangoni.

Matokeo yanaonekana kwa wanyama. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulikadiria nyumbu wanaohama katika uwanda huo kuwa zaidi ya 26,000 mwaka 1978. Kufikia mwaka 2011 walikuwa chini ya 5,000. Simba nao, wakikosa windo, huingia mabomani. Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliua simba sita kwa siku moja baada ya mifugo kushambuliwa. Wakati huohuo kijana wa eneo hilo, Richard Turere, alikuwa ameunda taa zinazomulika kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Ubunifu wake ulijulikana duniani mwaka 2013.

Jaribio jingine lilianza mwaka 2000, wafugaji walipolipwa takriban dola nne za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Malipo yalitolewa wakati wa kufungua shule, na hapo waliobuni mpango huo walionyesha kuwa wanaijua shida ya boma. Karo ndiyo huuza ardhi nyingi. Mwaka 2009, ukame ulipoangamiza mifugo, familia iliyobaki na ng'ombe wachache na watoto wanne shuleni haikuhitaji dalali awe fundi wa maneno.

Hakuna haki katika kumlaumu mwenye kuuza, wala anayenunua ili ajenge nyumba ya watoto wake. Ugumu ni kwamba uamuzi wa mmoja huwafunga wengine. Ekari tano zikizungushiwa seng'enge penye njia ya mto, mifugo ya maboma yote ya nyuma yake hulazimika kuzunguka mbali, huchoka, na maziwa hupungua. Mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, uliozinduliwa mwaka 2011, ulikusudia kuelekeza ujenzi mahali pamoja na kuacha malisho wazi. Ploti zimeendelea kukatwa. Tangu mwaka 2019 reli ya kisasa inayopita mbugani juu ya nguzo ina kituo cha Ongata Rongai upande huo, na bei ya ardhi inajua hilo.

Familia zinazobaki zinajaribu njia zao. Baadhi hufuga ng'ombe wachache chotara wanaotoa maziwa mengi na kuyauza mjini. Wengine hukubaliana na jirani aache lango wazi wakati wa kiangazi. Desemba, watoto wanaofanya kazi Nairobi hurudi, mbuzi huchinjwa, na bibi huteremsha kibuyu. Kijinga cha oloirien, ambacho zamani kilivunjwa kwenye kichaka cha karibu, sasa huenda kikaagizwa kutoka mbali.