Kupiga Windows Upya Hakuponyi Diski

Kila anayeleta kompyuta nzito, awe wa Mpanda mjini, Mishamo au Inyonga, ana ombi lilelile: "Fundi, nipigie Windows tu, itapona." Kama diski ndiyo inayokufa, haitapona, na hapo ndipo wengi wanapopoteza data zao.

Ndani ya diski ya zamani kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Vichwa vya kusomea hupita juu yake bila kugusa, kwa mwanya mwembamba kuliko chembe ya vumbi. Kompyuta ikianguka inafanya kazi, kichwa huweza kukwaruza sahani. Windows ni maandishi yaliyo juu ya sahani hizo. Kuyaandika upya hakufuti mkwaruzo. Kufomati kwa haraka nako hakukagui uso wa sahani hata kidogo.

Mbona wengine huapa kwamba kupiga Windows upya kumewasaidia? Kwa sababu diski ina nafasi za akiba. Ikikuta eneo bovu wakati wa kuandika, hutumia akiba badala yake, na kompyuta hupata nafuu. Akiba ikiisha, ubovu hurudi. Wakati huo Windows mpya imeshaandikwa juu ya mafaili yako, na faili lililoandikiwa juu halirudi. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akipoteza hesabu za tumbaku za msimu mzima kwa njia hii, hakuna fundi wa kumrudishia. Wanaoiweka diski kwenye friza nao waache: inaingia unyevu, inazidi kuharibika.

La kufanya ni hili. Nakili data kwanza. Diski ikigonga-gonga na data hazina nakala nyingine, izime, usijaribu tena. Ikiwa inawaka bila kugonga, ikague kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha tahadhari, badilisha. Nunua SSD, diski isiyo na sahani: ya SATA husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, ya zamani ni kama 100. Laptopu nyingi za zamani huchukua ya inchi 2.5; yenye tundu la M.2, uliza kama ni SATA au NVMe kabla ya kulipa. Diski inayosomeka vizuri, ihamishe nzima kwa programu ya Clonezilla. Iliyochoka, okoa mafaili, kisha weka Windows kwenye SSD. Weka nakala kwingine pia, maana SSD hufa bila kugonga wala kukwaruza.

Fundi akitaka kupiga Windows kabla ya kukagua diski, chukua kompyuta yako uondoke.