Nyumba iliyoachwa kwa jina la marehemu

Familia nyingi zikitaka kumkumbuka mzazi aliyefariki, fedha huishia kaburini: saruji, vigae na jiwe la jina. Unguja ya zamani, wenye mali walikuwa na njia nyingine, na iliwafaa walio hai.

Iliitwa wakfu. Mwenye nyumba au kiwanja aliandika hati kuwa mali hiyo haitauzwa, haitarithiwa wala kutolewa zawadi. Baadhi waliwawekea wajukuu wao. Wengine waliwawekea maskini, au watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao, wapate pa kuishi. Aliyetoa alitaraji thawabu zisizokatika, na jina la ukoo likabaki midomoni mwa watu.

Halikuwa jambo dogo. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wengi walitoka bila shamba wala ndugu. Wakajenga Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe, baadhi yao kwenye ardhi ya wakfu. Banda lilikuwa lao, na ardhi hawakuilipia.

Kisha serikali ya Waingereza ikaweka kamisheni ya kusimamia wakfu, na ardhi ikaanza kutazamwa kama mapato. Kodi ya kiwanja ikaingia Ng'ambo, ikapanda, hadi mwaka 1928 wakazi wakagoma kuilipa. Sadaka ya babu ilikuwa imegeuka deni la mjukuu!

Mji Mkongwe bado una nyumba nyingi za wakfu. Kodi ndogo humwokoa mpangaji maskini, lakini hiyohiyo haitoshi kununua chokaa na boriti, na paa likivuja ukuta wa mawe hulainika.

Familia ya Fugger, mjini Augsburg, Ujerumani, iliona mbali zaidi. Nyumba zake za maskini ziliwekewa hati mwaka 1521, na mpangaji hadi leo hulipa senti 88 za yuro kwa mwaka. Matengenezo hulipwa zaidi na mapato ya misitu ya familia hiyo. Mtu wa Kilombero, anayepita kando ya mashamba ya mitiki, ataelewa hesabu hiyo haraka.

Kwa sasa mzee wa Ifakara asiye na wa kumtunza anaweza kujikuta akipelekwa Fungafunga, makazi ya serikali mjini Morogoro, mbali na majirani aliozeeka nao. Familia inayotaka kuacha hata vyumba viwili vya namna hii inaweza kuunda bodi ya wadhamini na kuisajili RITA. Kwenye hati hiyo, shamba la kulipia paa liandikwe pamoja na vyumba.