Kazi ya Kumuuliza Msikilizaji

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na wasikilizaji wakaanza kumfuatilia Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wapenzi kila anakopita. Dodoma hawakumsikia. Hadi 1995, saa ya mchezo ikifika, mtambo wa huko ulirusha vipindi vingine. Watafiti ndio waliopanga hivyo, wapate mahali pa kulinganisha na kwingineko.

Kila mwaka wadadisi walipita kaya kwa kaya, kulikosikika mchezo na kusikosikika, wakiuliza habari za uzazi wa mpango, Ukimwi, kondomu na idadi ya wapenzi. Everett Rogers, Mmarekani aliyekwisha kupata jina kwa kitabu chake cha 1962 kuhusu namna mambo mapya yanavyoenea katika jamii, alichapisha matokeo pamoja na wenzake, Peter Vaughan, Arvind Singhal na Ramadhan Swalehe. Palipofika mchezo, uzazi wa mpango uliongezeka kuliko Dodoma, na watu walisema wamepunguza wapenzi. Dodoma nao walipoanza kuusikia, mabadiliko yakaonekana.

Nauheshimu utafiti huo, na unanisumbua. Ukimwi ulikuwa ukiua watu wakati ule, na mkoa mzima ulisubiri miaka miwili. Mtafiti atajibu kwamba hakuna aliyejua kama mchezo utasaidia, na bila kulinganisha tusingejua hadi leo. Ni jibu la kweli. Lakini anayechagua kazi hii ya kuwauliza wasikilizaji ajue kwamba siku moja huenda akalazimika kulitoa mbele ya watu wa Dodoma wenyewe.

Aliyenifundisha zaidi thamani ya kazi hii ni Herta Herzog, mzaliwa wa Vienna, 1910. Polio ilimwachia mkono dhaifu akiwa bado masomoni. Utafiti wake wa shahada ya udaktari ulihusu sauti: watu mbalimbali walisoma redioni, wasikilizaji wakaombwa wakisie tabia na hali za wasomaji wasiowaona. Mwaka 1935 alihamia Marekani, akajiunga na mradi wa utafiti wa redio ulioongozwa na Paul Lazarsfeld.

Huko wasomi wengi waliidharau michezo ya redio ya mchana, iliyopendwa na akina mama wa nyumbani. Herzog aliwaendea akina mama hao. Katika makala yake ya 1941 alieleza mahojiano na wanawake 100 wa New York na vitongoji vyake. Wengine walisikiliza wapate kulia machozi yao, wengine waonje maisha wasiyokuwa nayo. Wapo waliosema wanajifunza namna ya kuishi na mume au kulea mtoto. Miaka hamsini kabla ya Mkwaju, walikuwa wameshasema kwamba mchezo ni mshauri.

Mwaka 1943 aliingia kampuni ya matangazo ya biashara ya McCann-Erickson na kupanda hadi juu. Njia hiyo bado ndiyo ya wengi, kwa kuwa mwenye tangazo ndiye anayelipia hesabu ya wasikilizaji. Kwetu vijana wengi huanzia chini, wakibeba dodoso au simu yenye maswali, wakiripoti kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Baadaye takwimu, sosholojia au saikolojia huwafungulia milango ya ofisini.

Hapo chini ndipo kazi inapoharibika au kutengenea. Mdadisi anamuuliza mama, “Jana ulisikiliza redio gani?” Mume anajibu kwa niaba yake. Mwenye haraka ataandika jibu hilo, na kituo kitapanga vipindi vya miezi kadhaa kwa kumfuata mume. Mdadisi mzuri atasubiri, ataomba kwa adabu azungumze na mama peke yake, kisha atauliza lile swali la Herzog ambalo vituo vyetu hulilipia kwa shingo upande: kwa nini unakipenda kipindi hiki? Wahariri wa vipindi wanapaswa kulidai swali hilo katika kila utafiti wanaoununua.