Jike wa furu na rangi ya maji

Mpasue furu wa Ziwa Victoria kooni utakuta taya la pili, mbali na lile la mdomoni. La mbele hukamata chakula, la nyuma husaga. Furu wanaokula konokono wana taya nene la koo, lenye meno butu kama magego. Wanaokwangua mwani kwenye mawe wana safu za vijino vilivyosongamana mdomoni. Wapo wanaowinda samaki wenzao, na hata wanaopora mayai na vifaranga vinywani mwa majike, maana furu jike hulea wanawe humo.

Spishi za furu ziwani humo zimekadiriwa kufikia 500, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Tope lililochimbwa chini ya ziwa linaonyesha kwamba miaka 15,000 hivi iliyopita ziwa hilo lilikauka. Kwa kipimo cha mageuko ya viumbe, huo ni muda mfupi mno kwa spishi nyingi hivyo kutokea.

Zilitenganaje, ilhali hakuna mlima wala jangwa kati yao? Tazama spishi mbili jirani za visiwa vya mawe upande wa Mwanza. Dume wa Pundamilia pundamilia ni wa buluu. Yule wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana mgongo mwekundu. Wa buluu hukaa juu, mwekundu hukaa chini zaidi. Kadiri unavyozama, chembe zilizomo majini hunyonya mwanga wa buluu na kuacha mwekundu, na macho ya kila spishi yamezoea mwanga wa makazi yake. Jike humfuata dume mwenye rangi ya kwao. Ukiwazalisha pamoja, watoto wao nao huzaa. Kinachowatenga hasa ni uchaguzi wa jike.

Habari za sangara, samaki mkubwa anayewala furu, zinajulikana: aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980, na spishi nyingi za furu hazikuonekana tena. Lakini lipo janga lisilo na meno. Mbolea, maji taka na udongo unaosombwa kutoka mashambani hurutubisha mwani, na maji huwa na ukungu. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba penye maji hayo rangi za madume zimefifia na spishi zilizo karibu zimeanza kuchanganyika. Jike asipoona, hachagui. Spishi mbili hugeuka moja, na hakuna samaki hata mmoja aliyeuawa.

Ndiyo maana mtaalamu hatosheki kusikia kwamba furu wameongezeka tena, ingawa baadhi yao wamerudi kwa wingi tangu sangara walipopungua. Tani za samaki hupimwa kwa mizani. Bioanuwai huhesabiwa kwa tofauti zilizobaki kati yao.

Wenye mashamba kandokando ya ziwa, yaacheni mafunjo yasimame, kwani huchuja tope na mbolea kabla hazijafika ziwani. Nazo halmashauri za miji zisafishe maji taka kabla ya kuyamwaga.