Saratani ya Mfereji wa Nyongo kwa Watoto

Mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa na siha yake akianza kugeuka macho kuwa ya manjano, mkojo ukakoza, choo kikawa cheupe na tumbo likafura, dhana ya kwanza ya wazazi, na aghalabu ya tabibu pia, huwa ni kwamba ameshikwa na homa ya ini. Na kwa kuwa dhana hiyo husadifu mara nyingi, si haki kumlaumu aliyeitanguliza. Lakini wapo watoto, wachache mno, ambao umanjano wao hutokana na saratani iitwayo rabdomiosakoma, ambayo huota katika kuta za mifereji ipitishayo nyongo kutoka ini hadi utumbo, ikajaa humo kama kishada cha zabibu hata njia ikaziba. Picha nazo huweza kuhadaa: huonyesha mfereji uliotanuka, na mtoto akapasuliwa kwa kudhaniwa ana kasoro ya kuzaliwa nayo, ya mfereji wa nyongo uliofura kama kifuko.

Maradhi haya yaliandikwa na matabibu wa Uingereza tangu mwaka 1875, na kwa miaka mingi kauli ya waganga ilikuwa moja, kwamba pasipo kisu kung'oa uvimbe wote hapana nusura. Kauli hiyo ilitikiswa na hesabu ya watafiti wa Marekani juu ya watoto 25 waliotibiwa baina ya mwaka 1972 na 1998. Waliopasuliwa walikuwa 21, na katika hao ni 6 tu waliotolewa uvimbe wote uonekanao kwa macho. Walakini ilikadiriwa kuwa asilimia 66 ya watoto wote huishi miaka 5 au zaidi. Waliokufa walikuwa 10, na nusu yao walikufa katika miezi miwili ya mwanzo, si kwa saratani bali kwa vijidudu vilivyoingia damuni. Ilibainika pia kwamba mipira ya kutolea nyongo nje ya mwili kupitia ngozi ya tumbo, iliyowekwa kwa nia njema kabisa, ilizidisha hatari ya maambukizo.

Kilichowaponya wengi, basi, ni dawa, ambazo kwa kawaida hupunguza uvimbe na kuizibua njia ya nyongo zenyewe, zikisaidiwa na mionzi. Mojawapo ni vinkristini, itokanayo na ua la asili ya Bukini ambalo watu wengi wa pwani yetu wanalo uani bila kujua sifa yake. Hapa pana mtego: dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya nyongo, yaani kupitia mfereji ule ule ulioziba, na ikirundikana hudhuru mishipa ya fahamu, ndiyo maana matabibu hupunguza kipimo chake mpaka umanjano ushuke.

Siku hizi, inapowezekana, kipande cha uvimbe huchukuliwa kwa mpira mwembamba upitishwao kinywani hadi utumboni, na kwa njia hiyo hiyo huwekwa kijibomba cha ndani cha kuiachia nyongo ipite, kisha dawa zikaanzwa bila kungoja upasuaji mkubwa. Hesabu za Ulaya za miaka ya karibuni zinatia moyo zaidi kuliko ile ya Marekani, ingawa kwa mtoto ambaye saratani imekwisha kufika mapafuni hali bado ni nzito. Aliyepona naye huendelea kupimwa ini kwa miaka, kwani mionzi na visu huweza kuacha kovu linaloubana mfereji muda mrefu baada ya saratani kutoweka.